Kuua ili Kuokoa Wasio na Hatia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi nikifanya kazi ya usaidizi wa kisheria, kwanza katika vijiji vya Kilolo na Mufindi mkoani Iringa, na baadaye katika kata za pembezoni mwa jiji la Mbeya. Baadhi huulizwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Mengine huulizwa pembeni, watu wakiwa wameshaanza kutawanyika, na muulizaji akiwa anatazama chini. Majibu yangu yanatokana na sheria ya nchi, na mafundisho ya dini ambazo wengi wetu tunazifuata, na pia maoni yangu mwenyewe. Panapokuwa na maoni yangu nimesema wazi.

Je, inawezekana kumwua mtu isiwe kosa wala dhambi?

Inawezekana, ila nafasi yenyewe ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anaposhambulia maisha ya mwingine, na hatari ikawa ipo wakati huo huo, na ikawa hakuna njia nyingine ya kumzuia, anayemzuia hata kwa kumwua hahesabiwi kuwa mwuaji. Masharti hayo yanakwenda pamoja. Likikosekana moja, hukumu inabadilika, mara nyingi inabadilika kabisa.

Wanateolojia wa Kikristo hawakuwa na kauli moja tangu mwanzo. Mtakatifu Augustino aliona shida kukubali kwamba mtu binafsi anaweza kuua ili kuokoa maisha yake mwenyewe. Karne nane baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijibu kwamba tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, moja likiwa limekusudiwa na jingine likiwa nje ya kusudi: anayejitetea anakusudia kuokoa uhai, na kifo cha mshambuliaji hutokea kando ya kusudi hilo. Lakini Tomaso aliongeza sharti ambalo husahauliwa na wanaopenda kumnukuu, kwamba nguvu ikizidi ile inayohitajika, tendo linakuwa haramu hata kama kusudi lilikuwa jema. Qur'ani nayo, katika Sura ya Al-Maida aya ya 32, inafundisha kwamba anayeiua nafsi isiyo na hatia ni kama amewaua watu wote, na anayeihuisha ni kama amewahuisha watu wote. Watu wengi huikumbuka nusu ya kwanza ya aya hiyo. Mimi huwaomba wakae na ile ya pili kwa muda, kwa sababu ndiyo inayotuambia kwa nini tunaruhusiwa kumzuia mshambuliaji.

Sheria ya Tanzania inasema nini?

Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Naomba msomaji azingatie neno «kila mtu». Mshambuliaji yumo. Mwizi yumo. Bibi anayetuhumiwa kwa uchawi yumo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, katika vifungu ambavyo mawakili wamezoea kuvitaja kama 18 hadi 18C, inatambua haki ya kujitetea, kumtetea mtu mwingine na kutetea mali. Sheria inataka nguvu inayotumika iwe ya kadiri na ya lazima kwa utetezi huo, na inaruhusu utetezi ufike hadi kusababisha kifo pale tu anayetetea anapotenda kwa nia njema, akiwa na imani ya kweli yenye sababu za msingi kwamba bila kufanya hivyo maisha au viungo vyake, au vya mwingine, vitapotea, au kwamba linatendeka kosa zito kama ubakaji, utekaji, unyang'anyi, uvunjaji wa nyumba usiku au uchomaji moto. Nguvu ikizidi kadiri na mtu akafa, aliyeitumia huwa na hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na ikithibitika kwamba hapakuwa na utetezi wowote, bali nia mbaya ya kuua, kosa ni la kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa.

«Nguvu ya kadiri» hupimwaje? Mtu anayevamiwa hana muda wa kupima.

Ni kweli hana, na mahakama inalijua hilo. Hakimu hamtazamii mtu aliyeshtuliwa usingizini awe na utulivu wa mtu aliyekaa ofisini na kalamu mkononi. Kinachoulizwa ni kama mtu wa kawaida, akiwa gizani vile vile, akiwa na hofu ile ile, angeona kwamba hakuna namna nyingine.

Nitaeleza jambo nililoliona mwenyewe. Ilikuwa masika, msimu ambao mianzi inagemwa na ulanzi, pombe ya mianzi, ni mwingi, katika kilabu cha kijiji kimoja cha Kilolo. Kijana aliyekuwa amelewa sana alichomoa panga kwa ajili ya deni la vikombe viwili, akaanza kumfuata mama aliyekuwa anauza. Watu waliinuka. Wawili waliokota mawe, na sauti moja kutoka nyuma ikasema auawe kabla hajaua. Mzee aliyekuwa ameketi karibu na moto akavua blanketi alilojifunika, akamrushia kijana usoni kama mtu anayetupa wavu, na kabla kijana hajajinasua wanaume wawili walikwisha kumshika mikono. Panga lilianguka kwenye matope. Mzee alikatwa kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akafungwa kwa kipande cha kitenge. Kesho yake asubuhi yule kijana alikwenda kwake, akasimama nje ya ua, akasema «Kamwene, baba», salamu ya Kihehe, kisha akashindwa kuendelea.

Sisemi kwamba blanketi hupatikana kila mara. Kama kijana yule angemfikia mama na kunyanyua panga, na jiwe likawa ndilo pekee lililokuwa karibu, ningesimama mahakamani kumtetea aliyelirusha. Ninachosema ni kwamba waliookota mawe hawakutafuta njia nyingine hata kwa macho, wakati iliyokuwepo ilikuwa hatua mbili kutoka walipokuwa.

Je, ni lazima nikimbie kwanza?

Kama unaweza kuondoka salama, na hakuna mtu unayemwacha nyuma katika hatari, ondoka. Baba mwenye watoto wamelala chumba cha ndani hawezi kuambiwa akimbie, na sijapata kusikia mtu mwenye akili akimwambia hivyo.

Kumtetea mwingine ni ruhusa tu, au ni wajibu?

Hapa Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakwenda mbali kuliko wengi wanavyotarajia: inafundisha kwamba utetezi halali unaweza kuwa wajibu mzito kwa mtu aliyekabidhiwa maisha ya wengine. Mzazi, mlinzi wa bweni, askari, dereva wa basi la wanafunzi, hawa hawana uhuru wa kusema kwamba wao ni watu wa amani na hivyo wanatazama tu. Katika upande wa Uislamu ipo hadithi inayojulikana kwamba anayeuawa akitetea mali yake, damu yake, dini yake au watu wa nyumba yake, ni shahidi. Inafaa kuona kwamba hadithi hiyo inamsifu anayekufa akitetea.

Maoni yangu ni kwamba wajibu upo, lakini ni wajibu wa kuokoa. Wajibu wa kuua haupo. Tofauti hiyo huonekana mara tu mshambuliaji anapoanguka chini: mwenye wajibu wa kuokoa anasimama, kwa sababu kazi yake imekwisha.

Tumemkamata mwizi usiku, tena si mara yake ya kwanza. Tukimwachia atarudi, na siku nyingine ataua. Je, kumwua si kulinda wasio na hatia?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, nami nalijibu bila kupunguza maneno: hapana. Mtu aliyekamatwa, aliyefungwa kamba, aliyelala chini akizungukwa na watu arobaini, si hatari kwa yeyote kwa wakati huo. Hatari inayosemwa ni ya kesho, na haki ya kujitetea haijawahi kuhusu kesho. Ingekuwa hivyo, kila mmoja wetu angeweza kuuawa leo kwa jambo ambalo jirani anadhani atalifanya mwaka ujao.

Magazeti yetu yana msemo wa kuandika kwamba mtu «ameuawa na wananchi wenye hasira kali». Msemo huo unaniumiza kila ninapousoma. Unawafanya wauaji wawe kama mvua ya mawe, jambo lililotokea tu bila mtu. Lakini pale palikuwa na aliyepiga yowe, aliyeleta tairi, aliyekwenda na chupa kununua petroli kisha akarudi nayo akitembea, na kila mmoja wao ana jina na ana mama. Sheria inawaona hivyo hivyo. Watu wanaoungana kutekeleza jambo haramu wakiwa na nia ya pamoja huhesabiwa kila mmoja kuwa ametenda kosa, na aliyerusha jiwe moja hawezi kujificha nyuma ya mia waliorusha mengine.

Najua kinachosemwa kujibu hoja hii, kwa sababu nimeambiwa nikiwa nimesimama mbele ya watu: kituo cha polisi kiko mbali, gari halina mafuta, mtuhumiwa hutoka kwa dhamana baada ya siku mbili, kisha huja kukucheka. Malalamiko hayo mengi ni ya kweli na siyadharau. Mwenye ng'ombe mmoja akiibiwa huyo mmoja, ameibiwa ada ya shule na maziwa ya watoto kwa pamoja. Hata hivyo udhaifu wa kituo cha polisi unatupa sababu ya kudai kituo bora, kuimarisha ulinzi shirikishi, kuandika majina ya mashahidi usiku ule ule na kufuatilia kesi hadi mwisho. Hautupi mamlaka ya kutoa hukumu ya kifo ambayo hata hakimu wa wilaya hana uwezo wa kuitoa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi kwenye mkutano lakini hunijia kunieleza faragha. Si mara zote aliyekamatwa ni mwizi. Yowe likishapigwa, anayekimbia ndiye mwizi, na mgeni ambaye hajui njia za kijiji hukimbia.

Na mchawi je? Ameshaua watu kwa uchawi na ataendelea kuua. Polisi hawana kifaa cha kumkamata.

Naelewa kwamba kwa anayeuliza jambo hili si la kubuni. Mtoto amekufa ghafla, ng'ombe wamekufa, mganga au kundi la lambalamba, wale wanaozunguka vijijini kufichua wachawi, limetaja jina, na jina hilo limeingia kichwani mwa mtu kama moto kwenye nyasi kavu. Anaamini kabisa kwamba asipochukua hatua atazika mtoto mwingine. Kwa hiyo anasema anawalinda wasio na hatia, na anasema kweli kuhusu nia yake.

Mahakama za eneo letu zilishakutana na hoja hiyo tangu zamani. Mwaka 1951, katika shauri la Eria Galikuwa lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikataa kwamba kuamini uchawi au kumwogopa mchawi peke yake kunaweza kumwondolea aliyeua kosa. Na kwa upande wa kujitetea, sababu ni ya wazi hata kwa asiyesoma sheria: utetezi unahitaji shambulio linaloonekana. Panga linaonekana. Mtu anayevunja mlango anaonekana. Ndoto, ubashiri na hirizi iliyookotwa njiani haviwezi kupimwa na mtu yeyote, na ambacho hakiwezi kupimwa hakiwezi kukanushwa na anayetuhumiwa. Sheria ya Uchawi, ambayo tunayo tangu 1928, inamtia hatiani pia anayemtaja mwingine kuwa mchawi nje ya utaratibu, na hili wengi hawalijui.

Niliwahi kumtembelea bibi mmoja ambaye majirani walikuwa wameanza kumwepuka kwa sababu ya macho yake mekundu. Ilikuwa Julai, baridi ya nyanda za juu ikiwa kali, na bibi yule alikuwa akikaa jikoni tangu asubuhi. Jiko lilikuwa na mafiga matatu, kuni mbichi, na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia ili upepo usiingie. Nilikaa naye kama saa moja. Nilipotoka nje nilikuwa nikifuta machozi kwa kiganja, na kijana aliyenisindikiza aliniambia kwamba macho yangu yamekuwa mekundu. Nilimwomba arudie maneno hayo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, naye akayarudia.

Kama nilidhani kweli kuna hatari, kumbe haikuwepo, nahukumiwaje?

Sheria inamtambua mtu aliyekosea kwa uaminifu. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba aliyetenda akiwa na imani ya kweli na ya msingi, ingawa si sahihi, kuhusu hali ilivyokuwa, anahukumiwa kana kwamba hali ilikuwa hivyo alivyoamini. Uzito wote umo katika neno «ya msingi». Anayemwona mtu usiku ameshika bunduki bandia na kuelekeza kwa mtoto ana msingi. Aliyeambiwa na jirani, ambaye naye aliambiwa na bodaboda, hana.

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, ambacho licha ya jina lake kiko wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na miili yao kuchomwa moto kwa sababu wanakijiji waliwadhania kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa kazini, wakichunguza udongo. Waliowaua waliamini kwamba wanawaokoa watoto wao. Huwa nalitaja tukio hilo kila ninapofundisha, kwa sababu halina mtu aliyeamka asubuhi akiwa na nia ya kuwa mwuaji, na jioni watu watatu wasio na hatia walikuwa wamekufa.

Hofu yenyewe huwa na chanzo. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa kweli mkoani Njombe, na mzazi yeyote wa Njombe wa wakati ule anakumbuka jinsi kila gari geni lilivyotazamwa. Wakati kama huo ndio mgeni anapokuwa hatarini zaidi, na ndio wakati wa mtendaji wa kijiji na viongozi wa dini kutoka na kusimama kati ya mgeni na umati hadi polisi wafike. Kumzuia mgeni na kumhoji ni ulinzi. Kinachofuata baada ya hapo ni kazi ya wengine.

Je, naweza kumwua mtu mmoja asiye na hatia ili kuokoa wengi?

Tuseme lori limekatika breki likishuka mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, jambo ambalo wakazi wa Mbeya hawahitaji kuelezwa. Mbele kuna daladala iliyojaa. Pembeni kuna mtu mmoja anayeuza parachichi. Dereva akikata usukani kuelekea pembeni, wengi wetu tutahuzunika lakini hatutamwita mwuaji, kwa sababu hakumtaka mtu yule afe. Alikuwa anawakwepa wengine, na kama muuza parachichi angeruka mtaroni dereva angeshukuru. Sasa badilisha kidogo. Tuseme mimi nimesimama barabarani na naweza kulisimamisha lori kwa kumsukuma mtu mnene chini ya magurudumu. Hesabu ni ile ile, mmoja kwa wengi, lakini moyo unakataa, na naamini moyo uko sahihi: hapa kifo cha mtu kimekuwa ndicho chombo changu. Mwanafalsafa Philippa Foot wa Uingereza aliliibua tatizo la namna hii mwaka 1967, na Judith Jarvis Thomson wa Marekani akalichimba zaidi.

Mahakama zimekutana nalo pia nje ya madarasa. Mwaka 1884 mabaharia wa Kiingereza waliopoteza chombo chao, Mignonette, walimwua kijana mtumishi wa chombo, Richard Parker mwenye miaka 17, wakamla ili wasife njaa. Waliokolewa, wakashtakiwa, na mahakama ikakataa kwamba dhiki inahalalisha kumwua asiye na hatia. Walihukumiwa kifo, ingawa adhabu ilipunguzwa hadi kifungo cha miezi sita. Tarehe 15 Februari 2006 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilifuta sheria iliyoruhusu jeshi kuitungua ndege ya abiria iliyotekwa ili kugeuzwa silaha. Majaji walisema abiria wale nao ni binadamu wenye utu, na serikali haiwezi kuwahesabu kama sehemu ya ndege. Mimi nakubaliana na mahakama zote mbili, ingawa hukumu ya pili hunikosesha usingizi kidogo ninapowafikiria watu waliomo katika jengo ambalo ndege hiyo ingeligonga.

Mume anampiga mkewe kila siku na amesema atamwua. Je, mke akimwua akiwa amelala, amejitetea?

Kwa sheria ilivyo, hapana au kwa shida sana, kwa sababu aliyelala hashambulii. Mahakama inaweza kuangalia mateso aliyopitia inapopima nia na adhabu, lakini mama yule atakuwa ameshakaa mahabusu muda mrefu. Kwa maoni yangu sheria yetu haijamtazama vya kutosha mwanamke huyu, ambaye akimsubiri mumewe aamke hana nguvu za kumzuia. Ninachomwambia ni kwamba vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba kuondoka usiku na watoto kwenda kwa shangazi si aibu. Ninachowaambia majirani ni kikali zaidi: mnasikia kila usiku. Kama siku moja atakufa mmoja wao, ninyi mlikuwa na njia nyingine.

Je, hasira au kutukanwa ni utetezi?

Hasira ni jambo tofauti, na sheria huiita ghadhabu ya kuchokozwa. Inaweza kupunguza kosa, haihalalishi kifo. Iringa tuna mfano ambao wazee bado wanaujadili. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alipigwa risasi huko Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye aliubeba mwili kwa gari hadi polisi na kujisalimisha. Mahakamani alitetewa kwa hoja ya kuchokozwa, pia ya kutokuwa na akili timamu. Hoja hazikukubaliwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa. Wapo wanaomwona shujaa wa ardhi, wapo wanaomwona mwuaji wa mtumishi wa umma. Pande zote mbili, ninapozisikiliza, zinazungumza kuhusu heshima, shamba na makaburi ya wazazi. Mambo hayo ni mazito. Hakuna kati yao lililokuwa uhai wa mtu uliokuwa karibu kukatwa.

Je, askari wa polisi ana ruhusa pana kuliko yangu?

Ana silaha na mafunzo, na ana wajibu mzito zaidi, lakini kipimo cha lazima na kadiri kinamhusu pia. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miaka 15.

Vipi kuhusu kumwua mtawala anayeangamiza watu?

Waumini wa Kilutheri, ambao ni wengi Iringa na Njombe, huuliza swali hili kwa sababu ya Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyeshirikiana na waliopanga kumwondoa Hitler na kunyongwa kule Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Bonhoeffer hakusema kwamba kuua kumekuwa kwema. Alifundisha kwamba kuna nyakati ambapo mtu anayewajibika hubeba hatia juu yake mwenyewe kwa ajili ya wengine, na kuiacha mbele ya Mungu bila kujihesabia haki. Bomu lililotegwa na wapangaji hao tarehe 20 Julai 1944 halikumwua Hitler. Liliwaua watu wengine wanne. Yeyote anayevutiwa na mfano huu ajiulize kama yuko chini ya utawala unaochinja watu kwa mamilioni, au amekasirishwa tu na uchaguzi.

Nikiwa nimemjeruhi au kumwua mtu katika kujitetea, nifanye nini?

Acha mara moja hatari inapokwisha. Kama bado anapumua, mzuie damu kwa nguo na utafute gari la kumpeleka zahanati, hata kama dakika moja iliyopita alitaka kukuua. Hilo ni deni lako kwake, na pia ndilo linaloonyesha kusudi lako lilikuwa nini. Piga simu polisi kwa namba 112, mwite balozi wa nyumba kumi au mtendaji, na mwombe mtu asiye ndugu yako abaki hapo. Usioshe panga, usifagie uwanja, usikubali ushauri wa kutupa mwili mtoni. Eleza ukweli, na omba wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kuandika maelezo marefu.

Aliyeachiwa huru kwa sababu alijitetea, kwa nini bado anateseka?

Kwa sababu sheria inaondoa kosa, haiondoi kifo. Mtu mmoja anayepasua mbao karibu na Mafinga alimpiga kwa shoka mvamizi aliyekuwa amemshika binti yake shingoni, na kesi yake iliondolewa bila kufika mbali. Miezi kadhaa baadaye aliniomba nimsindikize kwa mama wa marehemu. Alikuwa amebeba gunia la mahindi begani tangu barabara kuu, na hakutaka nimsaidie. Mama yule alitoka, akamtazama kwa muda mrefu, akamwambia aliweke pale nje, karibu na kichanja cha vyombo. Akaliweka. Hakuna aliyesema neno jingine, nasi tukaondoka.